Barabara Isiyo na Namba

Nilizaliwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
nyumba ya tatu kutoka kwa fundi cherehani.
Mgeni akipotea tulimwambia: hesabu.
Ukifika Kumi na Tatu umeshapita. Rudi.

Majini hakuna wa kumwambia hivyo.
Saa nne asubuhi, na ghuba haina pa kutia mguu:
meli imelala nje, matishari yanakwenda na kurudi,
tagi inafoka moshi, ngalawa mbili zimekatiza
bila hodi,
na yoti tisa mbele ya Raskazone
zimejinyoosha kama ndugu waliokwisha gawana kitanda.

"Shusha tanga, shangazi," anasema Shekue,
anayesomea upimaji wa ardhi
na hajawahi kupima kitu kinachotembea.
Kamba inakwama. Hukwama kila siku yenye watazamaji.
Navuta, natukana kidogo, linashuka.
Miaka ishirini na miwili ya kutanga,
leo nashusha tanga Tanga.

Mara ya kwanza, pima sita, tope.
Mnyororo unaporomoka kama sufuria za jirani.
Naweka jicho kwenye tangi la maji na paa jekundu la bohari:
vikiwa pamoja, tumeshika;
vikiachana, tunatembea.
Vinaachana.
Tope la hapa laini kama uji wa mgonjwa,
hukubali kila kitu na halishiki neno.

Mara ya pili, karibu na yoti ya buluu.
Bwana kifua wazi, kikombe mkononi:
"Mama! Mnyororo wangu uko chini yako!"
"Umetoa kiasi gani?"
"Pima thelathini!"
Thelathini! Mtu mmoja, kikombe kimoja,
na shamba lote lile la gizani ni lake.
Hati sina. Naye hana.
Navuta nanga. Inapanda na kiatu cha mtoto
na ndoo mbili za harufu.

Jana Mbaruku alinionyesha ukuta aliojenga uani.
Matofali mapya, saruji bado inanuka.
"Tulijua hurudi," alisema kaka yangu,
akipangusa mikono isiyo na vumbi.
Sikumjibu. Mama alipofariki nilikuwa Mtwara,
basi liliharibika njiani, nikalala kituoni,
na matanga niliyakuta yamekwisha anuliwa.

Shekue anachora nyuma ya risiti ya dizeli.
Nukta, kisha duara.
"Chombo si pale kilipo tu, shangazi.
Ni pote kinapoweza kufika maji yakigeuka.
Mwenye mnyororo mrefu, duara lake kubwa,
na jirani huliona tupu."
Anasema hivyo akitafuna muhogo,
hajui amesema nini.

Mara ya tatu, kati ya tishari bovu
na boya lililochubuka rangi.
Natoa pima ishirini na tano, taratibu,
nikiuweka mguu juu ya mnyororo:
ukitetemeka, nanga inatambaa;
ukinyamaza, imeuma.
Unanyamaza.
Sithubutu kusema chochote.

Saa saba maji yanageuka.
Ghuba nzima inageuza uso pamoja,
kama safu ya swala inapotoa salamu.
Ya buluu inakuja, inakuja, nashika fenda mkononi,
inapita mbali nami mikono kumi hivi,
na yule bwana anainua kikombe.
Hatukugusana.

Simu inalia. Mbaruku.
"Wanasema umekuja na mashua. Uko wapi?"
Naangalia kulia, naangalia kushoto.
"Ukitoka gatini, hesabu," namwambia.
"Boya lililochubuka, halafu mimi, halafu tishari bovu.
Ukifika kisiwani umeshapita."
Kimya. Nasikia mtoto wake akilia,
na sufuria, na mlango wa nyumba yetu, naujua ule mlio.
"Ukishapita," namwambia, "rudi."